Kanali Kizimbani Baraka: Mahakama na Siasa Kando ya Ziwa Tanganyika

Mwaka 2011 ulianza vibaya Fizi, mji wa Kivu Kusini, Kongo. Usiku wa tarehe 1 Januari, watu wakiwa bado katika sikukuu, askari wa jeshi la taifa waliingia mjini wakapiga, wakapora, wakabaka. Kabla ya hapo ugomvi kati ya askari mmoja na raia ulikuwa umemwaga damu, na askari huyo akauawa na watu wenye hasira. Wenzake walikuja kulipiza kisasi, na kisasi hicho kiliwaangukia wanawake ambao hawakuwa na habari yoyote ya ugomvi wenyewe.

Kwa mazoea ya Kivu, habari ingeishia hapo. Kamanda angehamishiwa mlima mwingine, kamati ya uchunguzi ingeundwa, redio ingesema wiki moja kisha ikanyamaza. Safari hii mambo yalikwenda tofauti. Hazikutimia wiki sita, na tarehe 10 Februari mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini ilifungua kikao Baraka, mji wa ziwani ulioko yapata kilomita 90 kusini ya Uvira. Waliofikishwa mbele ya majaji walikuwa 11, na wa kwanza wao alikuwa kamanda mwenyewe, luteni kanali Kibibi Mutware. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Watu kwa mamia walifuatilia kesi hiyo, wengi wao wakiwa hawajawahi kumwona afisa akiulizwa swali na mtu yeyote, sembuse kulazimika kulijibu.

Kanali alikana. Tarehe 21 Februari hukumu ikasomwa: Kibibi na maafisa watatu wa chini yake, miaka 20 jela kila mmoja kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, wengine watano, kati ya miaka 10 na 15, mmoja akaachiwa huru, mwingine, aliyekuwa na umri wa mtoto, akapelekwa kwenye mahakama ya watoto. Kivu haikuwa imepata kumwona kamanda wa cheo hicho akitiwa hatiani kwa ubakaji uliopewa uzito huo wa kisheria.

Ipo hoja moja ndani ya hukumu hiyo ambayo naona haikuzungumzwa vya kutosha, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Mahakama ya Baraka ilihukumu watu. Ilitaja majina yao, vyeo vyao, usiku ule, na kitendo cha kila mmoja. Mmoja ilimwona hana hatia ikamwachia, ingawa alikuwa wa kikosi kilekile na alivaa magwanda yaleyale. Katika nchi ambako kwa miaka mingi lawama zimekuwa zikitupiwa kabila zima, jeshi zima au kijiji kizima, hilo si jambo dogo. Mwanasiasa akisimama jukwaani husema “wale.” Jaji hana ruhusa ya kusema hivyo, lazima aseme “huyu,” na lazima athibitishe.

Kesi yenyewe iliwezekana kwa sababu za kawaida kabisa. Sheria za kijeshi za Novemba 2002 ziliuweka uhalifu dhidi ya ubinadamu mikononi mwa mahakama za jeshi. Kongo ilikuwa imeridhia Mkataba wa Roma mwaka huohuo, na Katiba ya 2006 inaziruhusu mahakama zetu kutumia mikataba iliyoridhiwa moja kwa moja. Tangu mwaka 2006, kwa kesi ya Songo Mboyo kule Ikweta, majaji wa kijeshi walikuwa wameanza kuitumia ruhusa hiyo. Palibaki kikwazo kimoja cha ndani ya jeshi lenyewe: afisa hahukumiwi na jaji aliye chini yake kwa cheo. Ukimshtaki koplo, tribinali ya kambi iliyopo Uvira inatosha. Ukimshtaki luteni kanali, lazima mahakama ya jimbo ihame kutoka Bukavu. Ukimshtaki jenerali, macho yote yanageukia Kinshasa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500, na hapo ndipo mafaili mengi yamelala. Sheria inayopima jaji kwa nyota za mabegani huwalinda zaidi wale wanaotoa amri. Waliosema kesi ya ngedere amepewa nyani hawakukosea sana, ingawa Baraka walikuta nyani aliyehukumu kwa haki.

Sababu ya mwisho ilikuwa fedha, na fedha zilitoka nje. Mahakama zilizotembea Kivu Kusini katika miaka hiyo zilisaidiwa na mfuko wa Open Society pamoja na American Bar Association, chama cha mawakili wa Marekani. Nawashukuru bila kusita. Lakini raia wa Uvira anayelipa kodi bandarini, sokoni na barabarani ana haki ya kuuliza kwa nini taifa lake lilishindwa kununua mafuta ya gari la jaji wake mwenyewe.

Jibu la swali hilo lina umri mkubwa kuliko Jamhuri. Wakati wa Wabelgiji, mtawala wa teritwari ndiye aliyekusanya kodi, ndiye aliyepeleka watu kazi za kulazimishwa, na ndiye aliyekalia kiti cha tribinali ya polisi iliyowahukumu waliokataa. Aliyekamata na aliyehukumu alikuwa mtu mmoja. Dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926 ilizitambua mahakama za wenyeji, zikaamua mambo ya mahari, ya mashamba ya bonde la Ruzizi, ya ng'ombe walioingia kwenye mihogo ya jirani. Mwami na wazee wake walifanya kazi kubwa katika mabaraza hayo, na yapo maamuzi ambayo familia bado zinayakumbuka kama mpaka wa shamba. Hata hivyo mwami naye alikaa chini ya jicho la mtawala. Alijua kiti chake kilitegemea nani.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, nchi ilirithi majengo ya mahakama bila watu wa kuyajaza, kwa kuwa ukoloni haukuwa umesomesha majaji Wakongo. Miaka minne baadaye Uvira ilikuwa mikononi mwa waasi wa Mashariki, na pwani ya Fizi ikabaki uwanja wa vita hadi mwishoni mwa 1965. Mwezi Novemba mwaka huo Mobutu akachukua madaraka.

Alionyesha mapema anavyoiona mahakama. Tarehe 30 Mei 1966 ilitangazwa kwamba kuna njama ya kumpindua. Waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba na mawaziri wa zamani watatu, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, walifikishwa siku iliyofuata mbele ya mahakama ya kijeshi, hadharani, mjini Kinshasa. Kesi haikuchukua hata saa mbili. Tarehe 2 Juni walinyongwa mbele ya umati mkubwa. Kulikuwa na majaji, kulikuwa na mashtaka, kulikuwa na watazamaji. Kilichokosekana ni uwezekano wa mshtakiwa kuachiwa huru. Kipimo hicho nakitumia hadi leo ninapotaka kujua kama jambo lililo mbele yangu ni kesi kweli.

Mwaka 1974 Mobutu alimaliza kazi hiyo kwa maandishi. Katiba iliyorekebishwa tarehe 15 Agosti ilizigeuza mahakama kuwa Baraza la Mahakama, chombo kimojawapo cha chama cha MPR. Jaji akawa mtumishi wa chama. Kizazi kizima cha wanasheria kilisomea taaluma hiyo kikijua kwamba simu kutoka juu ina nguvu kuliko kifungu cha sheria, na mazoea ya aina hiyo hayafi siku katiba inapobadilishwa.

Sehemu ya historia hii inayotuuma zaidi sisi wa ukanda wa Uvira inahusu uraia. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia kwa jumla watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya Juni 1981 ikaufuta utaratibu huo na kudai asili ya makabila yaliyokuwemo nchini mwaka 1885. Banyamulenge wa milima ya Itombwe na Minembwe walijibu kwamba babu zao walikuwemo kabla ya mwaka huo. Hili lilikuwa jambo la ushahidi: vizazi, makaburi, kumbukumbu za wamisionari, ushuhuda wa majirani. Kwa maneno mengine, lilikuwa swali la mahakama.

Halikupelekwa mahakamani. Mwezi Aprili 1995 bunge la mpito mjini Kinshasa lilipitisha azimio lililowaweka watu wote wa asili ya Rwanda na Burundi kwenye kapu moja la wageni na wakimbizi wa kurudishwa makwao. Mwezi Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini akawapa Banyamulenge siku chache waondoke. Hakuna jaji aliyeulizwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyepewa nafasi ya kusimama na kusema: mimi ni fulani, mwana wa fulani, nilizaliwa kijiji fulani, nipeni haki yangu au nionyesheni kosa langu.

Marekani, taifa lenye historia yake ndefu ya ubaguzi, lilikutana na swali la namna hiyo karne moja kabla yetu. Wong Kim Ark alizaliwa San Francisco na wazazi Wachina. Aliporudi kutoka safari ya China mwaka 1895 alizuiwa kuingia, ikidaiwa kwamba si raia. Wakati huo siasa ya nchi nzima ilikuwa dhidi ya Wachina, na bunge lilikuwa limetunga sheria za kuwafungia mlango. Yeye alikwenda mahakamani. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ikaamua, kwa kura sita dhidi ya mbili, kwamba aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani kama yeye ni raia. Mpishi mmoja aliishinda serikali. Chuki haikwisha siku hiyo, lakini mtoto aliyezaliwa kesho yake alikuwa na mahali pa kusimama.

Sisi hatukuwa na mahali hapo, na gharama yake tunaijua kwa majina ya vijiji. Mwezi Septemba 1996 Banyamulenge waliuawa Lueba na Baraka. Mwezi uliofuata vita vikaikumba Uvira, wakimbizi na wenyeji wakatawanyika. Tarehe 30 Desemba 1998 mauaji yalianza Makobola, kusini kidogo ya Uvira, mikononi mwa askari wa kundi la waasi la RCD na washirika wao, yakaendelea hadi tarehe 2 Januari 1999. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, ile inayochambua matukio 617 ya miaka ya 1993 hadi 2003, inasema waliokufa Makobola walizidi 800. Lueba na Makobola ziko kwenye barabara moja ya ziwani. Dereva wa taksi anayetoka Uvira asubuhi kupeleka abiria Baraka anazipita zote mbili. Wafiwa wa huku na wafiwa wa kule wananunua samaki katika masoko yaleyale, kila upande ukiamini kwamba msiba wake ndio uliosahauliwa na kwamba wa upande wa pili wote walihusika. Ndivyo inavyokuwa pale ambapo hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa jina lake: kosa linabaki hewani, na kila mtu analitua juu ya kichwa cha jirani.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilikuja na maneno mazuri. Kifungu cha 149 kinasema mamlaka ya mahakama yanajitegemea mbele ya bunge na serikali. Kifungu cha 158 kinaipa Mahakama ya Katiba wajumbe tisa: watatu wanateuliwa na Rais kwa hiari yake, watatu wanapendekezwa na bunge, watatu na Baraza Kuu la Mahakimu, kwa muhula wa miaka tisa usiorudiwa. Washington nao wana majaji tisa, wanaokaa maisha yao yote. Kwa karatasi, mpangilio wetu una busara kuliko wao, maana hakuna rais anayeweza kwa bahati ya vifo kujaza mahakama watu wake kwa miaka 30.

Lakini uhuru wa jaji hutunzwa na mazoea ya watu wenye madaraka. Mwezi Februari 2008, katiba ikiwa na umri wa miaka miwili tu, Rais Joseph Kabila aliwastaafisha makumi ya mahakimu kwa pigo moja, akiwemo aliyeongoza Mahakama Kuu. Mahakama ya Katiba yenyewe ilisubiri hadi Aprili 2015 ndipo majaji wake wakaapishwa. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Mei 2016, iliamua kwamba Kabila anaweza kubaki ofisini hadi mrithi wake apatikane, na nchi ikaingia katika miaka miwili ya maandamano na vifo. Mwezi Januari 2019 ilitupilia mbali malalamiko ya Martin Fayulu juu ya uchaguzi na kumthibitisha Félix Tshisekedi kuwa rais. Mwezi Oktoba 2020 Tshisekedi akaapisha majaji watatu wapya, huku wawili kati ya waliowatangulia wakisema hawakuwa wamejiuzulu. Mwezi Septemba 2025 mduara ukakamilika: Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu kifo Kabila mwenyewe bila yeye kuwepo. Kila aliyeshika nchi ameiona mahakama kuwa chombo cha kushika kabla hakijashikwa na mwingine.

Wamarekani nao hawakuzaliwa na utii. Mwaka 1832 Mahakama yao ya Juu iliamua kwa kuwatetea Wacherokee dhidi ya jimbo la Georgia. Rais Andrew Jackson hakuitekeleza, na mwaka 1838 watu hao walifukuzwa kwenye ardhi yao kwa mtutu wa bunduki. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1957, gavana wa Arkansas alipowazuia wanafunzi tisa Weusi kuingia shule ya Little Rock kinyume cha hukumu ya 1954 iliyokataza ubaguzi wa rangi shuleni, Rais Eisenhower aliwatuma askari kuwasindikiza hadi darasani. Hakuwa shabiki mkubwa wa hukumu hiyo. Alielewa tu kwamba rais akichagua hukumu za kutii, hakuna mahakama tena. Mahakama haina bunduki wala hazina. Inategemea wenye bunduki na hazina waone aibu kuikaidi. Karibu nasi zaidi, tarehe 1 Septemba 2017 Jaji Mkuu David Maraga na wenzake walifuta uchaguzi wa rais wa Kenya, na rais aliyekuwa ametangazwa mshindi akasema haafiki lakini anatii. Mambo hayo yalitokea Nairobi, kwa watu ambao lugha yao tunaielewa, kwa hiyo hatuwezi kusema Afrika haiwezi.

Sasa turudi kwenye hukumu ya 2011, maana mtihani wa utii uko humo pia. Mahakama iliamuru wanawake walioshinda kesi walipwe fidia ya hadi dola 10,000 kila mmoja. Angalia njia anayotakiwa kuipita mama wa Fizi ili fedha hizo zimfikie. Kwanza apate nakala ya hukumu yenye muhuri kutoka Bukavu. Kisha alipe ada ya serikali inayohesabiwa kwa asilimia ya fidia aliyopewa, fedha ambazo hajazipata, au atafute cheti cha umaskini cha kumwondolea ada hiyo. Kisha karani wa mahakama aifikishe hukumu kwa wahusika, faili lipelekwe wizarani Kinshasa, na huko lisubiri bajeti. Ni safari iliyopangwa kana kwamba mdai ni kampuni yenye mawakili, wala si mkulima wa mihogo. Taifa lililoamriwa kulipa likanyamaza. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 imeunda mfuko wa fidia kwa waathirika, FONAREV, na hiyo ni hatua ya kweli. Lakini hukumu zilizokwisha kutolewa ndizo zilizostahili kuwa za kwanza kulipwa.

Na mwaka huohuo wa 2011 kulitokea jambo jingine lililopita kimyakimya. Serikali ilipeleka bungeni muswada wa kuunda mahakama maalumu, yenye majaji Wakongo na wa kigeni pamoja, kwa ajili ya uhalifu mkubwa wa miaka ya vita. Mwezi Agosti Seneti ikaukataa. Baadhi ya waliokuwa na sauti katika siasa za wakati huo walikuwa wameongoza makundi yenye silaha katika miaka ambayo mahakama hiyo ingeichunguza.

Kukataliwa huko kuna maana ya pekee kwetu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague haiwezi kugusa jambo lililotendeka kabla ya tarehe 1 Julai 2002. Lueba ni 1996. Makobola ni 1998. Hakuna jaji wa nje atakayekuja kwa ajili yao. Ni mahakama ya Kongo au hakuna. Mwaka 2013 sheria mpya ilizipa mahakama za rufani za kiraia uwezo wa kusikiliza uhalifu huo, kwa hiyo kwa wahusika walio raia hata kisingizio cha magwanda na nyota za mabegani hakipo tena.

Najua majibu yatakayotolewa. Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, ofisi za jimbo zikahamia Uvira, na Desemba vita vikafika Uvira yenyewe. Nani ana muda wa mafaili ya zamani? Nami najibu kwamba vita hivi vinalishwa na mafaili hayo. Kijana anayeitwa leo kushika silaha ili kuwalipizia babu zake anaitwa kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia nani hasa aliwaua, na nani hakuhusika.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wabunge na maseneta wa Uvira na Fizi, wa kila kabila: rudisheni muswada wa mahakama maalumu mezani, na mwanze kwa kutaja Lueba na Makobola pamoja, katika sentensi moja. Mawakili wa Uvira, Baraka na Bukavu, kusanyeni ushahidi wa wazee kabla haujazikwa nao. Na wewe msomaji, mgombea atakapokuja kukuomba kura, mwulize kama aliwahi kudai kesi hizo zisikilizwe, au kama amekuja tena kukuambia habari za “wale.”